Mstari wa Migunga

Brighton aliingia katika ofisi ya kijiji cha Nghomelo Jumanne asubuhi, mwezi wa tisa mwaka 2005, akavua kofia, akamsalimu mtendaji kwa adabu, kisha akaomba kuonyeshwa sheria.

Hilda, mtendaji huyo, alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa ombi. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwandikia barua ya kumtaka aondoe mashine yake ya maji kwenye kinamasi ndani ya siku saba, naye alijua jinsi barua kama hizo zinavyopokewa: mtu huja na sauti ya juu, hutaja jina la mkubwa fulani aliyeko mjini, halafu huondoka akiubamiza mlango. Brighton hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa mtu wa makamo, fundi mitambo wa zamani wa shirika moja la umma, aliyepunguzwa kazini shirika lilipouzwa. Kiinua mgongo chake chote alikuwa amekigeuza mashine ya dizeli, mipira na mbegu za vitunguu, akakodi shamba la ukoo mmoja pale kijijini, ekari nane za udongo mweusi zinazoshuka hadi kwenye matete. Alivuta kiti, akaketi, akangoja.

Hilda alimpa karatasi tatu zilizopigwa chapa. Alizisoma zote polepole, kidole kikifuata mistari. Sheria Ndogo za Kuhifadhi Kinamasi cha Nghomelo, 2003. Hakuna kulima chini ya safu ya migunga. Mifugo inywe kwa njia mbili zilizowekwa alama. Matete na ukindu vikatwe mwezi wa saba na wa nane tu. Hakuna kuvuta maji kwa mashine. Alipomaliza aliigeuza karatasi ya mwisho, akaangalia nyuma yake, akairudisha mezani.

"Dada Mtendaji," alisema, "mimi nimekuwa mtumishi wa umma miaka kumi na saba. Sheria naiheshimu. Hapa naona saini yako na saini ya mwenyekiti. Muhuri wa halmashauri uko wapi?"

Hilda alijibu kwamba nakala yenye muhuri imo kabatini, na ufunguo anao mwenyekiti. Brighton akaitikia kwa kichwa, akasema atarudi Jumatatu kuiona, na mpaka hapo mashine itabaki ilipo. Akavaa kofia, akaaga.

Ufunguo ulikuwa mkobani mwa Hilda.

Alilifungua kabati kabla mlio wa pikipiki ya Brighton haujapotea. Alitoa majalada yote, akayatandaza sakafuni, akapiga magoti katikati yake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Kondoa, binti wa katekista, na katika miaka mitatu aliyokaa Nghomelo alikuwa amejijengea sifa ya kutopoteza karatasi. Kweli hakuwa ameipoteza. Aliipata kwenye jalada la tatu, barua ya halmashauri ya Novemba 2003: rasimu ya sheria ndogo za kijiji imepokelewa, lakini haiwezi kufikishwa kwenye baraza la madiwani mpaka iletwe orodha ya wanakijiji waliohudhuria mkutano mkuu uliozipitisha, pamoja na saini zao. Pembeni, kwa kalamu nyekundu na kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: Imeshughulikiwa.

Alikumbuka vizuri. Orodha alimpa dereva wa lori la zabibu aliyekuwa akipita kutoka Makutupora, aifikishe halmashauri. Miezi miwili baadaye alikutana na karani mmoja kwenye korido za halmashauri, akamuuliza habari za sheria za Nghomelo, na karani akamjibu huku akitembea kwamba hizo si zilishapita. Furaha ilimjaa hata hakuuliza zilipita wapi. Alirudi kijijini akaagiza kibao chenye herufi nyekundu, kikasimikwa njia panda, na tangu hapo akaanza kuwaondoa watu.

Kwa miaka miwili alikuwa akisimamia amri ambayo haikuwa ya mtu yeyote ila yeye.

Alirudisha majalada kabatini, akafunga, akafungua tena, akatoa barua, akaisoma akiwa amesimama. Akatoka nje. Akarudi ndani kuchukua baiskeli, akaishika usukani, akaiacha. Mwishowe alitembea kwa miguu hadi kwenye kinamasi, ingawa hakuwa na kazi yoyote huko.

Kinamasi cha Nghomelo si kikubwa. Mwaka wa mvua nzuri mtu hukizunguka kwa saa mbili. Mwaka wa ukame, kama ule, hata saa haifiki. Lakini katika nchi ambako mito ni mchanga mtupu miezi minane kwa mwaka, chenyewe ndicho kilichokuwa kikilisha visima vya vijiji vitatu. Shida yake ni kwamba hakina ukingo. Leo maji yako hapa, mwezi ujao yamesogea hatua mia. Walipokuwa wakitunga sheria, watu walibishana siku mbili nzima juu ya jambo hilo. Walikubali kuacha mita sitini bila kulimwa, sawa, lakini mita sitini kutoka wapi? Wengine walitaka zipimwe kutoka kwenye maji, wengine kutoka kwenye matete. Mwishowe Nathanaeli, mwenyekiti wa kijiji, aliwakumbusha mvua za El Nino na mahali maji yalipofika mwaka ule: kwenye safu ya migunga, upande wa juu. Wakakubaliana kwamba kinamasi kinaishia pale kinapoweza kufika, si pale kilipo leo. Hilda aliona fahari kwa uamuzi ule. Alijua kuna wasomi ambao wasingeufikia.

Mstari huo ulikata bustani kumi na nne. Wenye bustani kumi na tatu waliondoka wenyewe. Ya kumi na nne ilikuwa ya Loisi, mjane aliyekuwa akimwagilia mchicha na nyanya chungu kwa kibuyu, ambaye shamba lake jingine lilikuwa mteremko wa mawe usiotoa hata uwele. Aliandikiwa mara tatu. Mara ya nne Hilda alikwenda na mgambo wawili, na kwa kuwa mgambo walisita mbele ya mama mtu mzima, aliinama yeye mwenyewe akaanza kung'oa. Loisi alisimama pembeni, mikono ameikunja kifuani. Tangu siku ile alikuwa akiponda kokoto kando ya barabara iendayo Hombolo. Kila Hilda alipopita alimwamkia, na Loisi aliitika marahaba bila kuinua uso.

Alhamisi Hilda alikwenda mjini. Afisa maliasili wa wilaya, Evodia, mama wa Bukoba mwenye sauti ya taratibu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakaingia pamoja katika chumba cha majalada. Walitafuta hadi saa nane. Rasimu waliipata. Orodha ya mahudhurio haikuwamo, wala hakuna kitabu kilichoonyesha kwamba iliwahi kupokelewa.

Hilda aliuliza kuhusu sheria mpya ya mazingira, ile ya nchi nzima, iliyoanza kufanya kazi mwezi wa saba. Aliisikia redioni. Evodia alimweleza kwamba ni kweli, sheria hiyo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka kwenye kingo za maziwa, mito na mabwawa. Na vinamasi waziri anaweza kuvitangaza kuwa vya kulindwa, ila hilo lina taratibu zake na muda wake. Alichukua kalamu akachora duara kwenye karatasi. Maji ya Nghomelo leo yako wapi? Hilda akaonyesha. Na mashine ya huyo bwana? Hilda akaonyesha tena, mbali na duara. Ukipima kutoka kwenye maji ya leo, Evodia alisema, mashamba yake yote yako nje ya mita sitini. Ni mpira tu unaoingia. Kibali cha kuvuta maji ameshakiomba, na hati ya maombi anayo. Kilichokuwa kinalinda ule udongo mweusi wote hadi juu ni mstari wenu wa migunga, na mstari wenu haujapita. Wala hautapita karibuni, kwa sababu baraza la madiwani limeshavunjwa kupisha uchaguzi. Labda Januari.

"Nani mwingine anajua?" Evodia aliuliza.

"Hakuna ila wewe. Yule bwana anashuku tu."

Evodia hakumshauri lolote. Alirudisha jalada mahali pake, akasema kwamba angalau kibao bado kimesimama.

Jumatatu Brighton hakuhitaji kuambiwa. Alimtazama Hilda akipanga karatasi zilizokuwa zimekwisha pangwa, akaelewa, na hakuonyesha kufurahi. Aliongea polepole, kama mtu anayetafuta namna ambayo haitamwumiza yeyote. Alisema hana haja ya kumwaibisha mtu. Wanakijiji wanaheshimu mstari, vizuri, waendelee kuuheshimu. Yeye avune vitunguu vya msimu huu mmoja, kisha wataangalia.

"Wewe hukusikia mashine," alisema, "na mimi sikuona karatasi."

Hilda hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na Brighton aliondoka na jibu lake.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mashine ilianza saa kumi na mbili asubuhi ikanguruma hadi jua la utosi, ikapumzika, ikaanza tena alasiri, na hapakuwa na pembe ya kijiji ambako haikusikika. Hilda alihamisha meza ya ofisi kutoka dirishani hadi ukutani, kisha akairudisha. Alikuwa akianza kuandika barua na kuiacha katikati. Akipika, ugali uliungua. Mara tatu kwa siku alishuka hadi kwenye kinamasi, ambako alikuwa amechomeka vijiti kwenye ukingo wa maji, na kila alipofika kijiti cha jana kilikuwa pakavu. Mwanzoni maji yalirudi nyuma hatua mbili kwa siku. Baadaye tatu. Kambale walianza kuonekana migongo kwenye tope, na korongo waliokuwa wakitua kila kiangazi walizunguka juu, wakaenda zao.

Kinamama waliomkuta kisimani walimwuliza kwa nini yule mtu wa mjini haondolewi. Aliwajibu kwamba suala lake linashughulikiwa. Nathanaeli naye alikuja ofisini. Alikuwa mzee mpole, mwalimu mstaafu, na alichukua muda kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Watu wanasema, alieleza, kwamba mtendaji ameonjeshwa vitunguu. Yeye haamini. Ila angependa kusikia kutoka kwake.

Hilda alimwambia hajapokea chochote. Hiyo ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ilimuuma zaidi, kwa maana alijua hakumwambia mzee yule kitu chochote.

Kesho yake alipanda baiskeli akaenda barabara ya Hombolo. Loisi alikuwa ameketi kwenye gunia, miguu ameinyoosha, rundo la kokoto mbele yake likifika magotini. Hilda aliegemeza baiskeli kwenye jiwe.

"Mbukwa, mama," alimsalimu kwa Kigogo. "Shikamoo."

"Marahaba, Mtendaji."

Hilda hakujua pa kuanzia, basi akaanzia mwisho. Alisema kwamba ile sheria haikuwahi kupitishwa na halmashauri, kwamba yeye alidhani imepita na hakuhakikisha, na kwamba siku alipomng'olea mboga zake hakuwa na mamlaka ya kufanya vile. Aliyasema yote akiwa amesimama, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Nyundo ya Loisi ilikuwa imesimama hewani. Aliishusha taratibu, akaiweka pembeni.

"Kwa hiyo siku ile si serikali," alisema. "Ni wewe tu."

"Ni mimi tu."

"Mimi niliondoka kwa sababu nilidhani ni serikali." Alipangusa vumbi usoni kwa ncha ya khanga. "Ningejua ni wewe tu, ningekupiga kwa jembe."

Loisi alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kisha akamwuliza kama ana nia ya kuyasema maneno hayo mbele ya watu, au amekuja kuyatua kwake kwa sababu yeye ni mtu mmoja na yuko peke yake. Hilda akasema ana nia. Loisi akachukua nyundo yake.

Mkutano mkuu uliitishwa Jumamosi. Watu walikuja wengi, kwa kuwa ilikuwa msimu wa kampeni na walidhani labda kuna mgombea. Hilda alimweleza Nathanaeli asubuhi ileile, nusu saa kabla, na mzee alikasirika kuliko alivyowahi kumwona. Si kwa kosa lenyewe. Alikasirika kwa kuambiwa wa mwisho. Alifungua mkutano kwa maneno mawili, akaketi na kugeuzia uso pembeni.

Hilda alisoma barua ya 2003 yote, pamoja na neno lake mwenyewe la kalamu nyekundu. Alisema sheria ya migunga si sheria, kwamba kosa si la halmashauri wala la dereva wala la mwenyekiti, ni lake. Alieleza pia maji yamepungua kiasi gani, kwa hatua, kama alivyopima kwa vijiti, na akawaomba wasubiri hadi Januari, wauheshimu mstari kwa hiari mpaka baraza jipya likae.

Mtu mmoja alisimama nyuma akauliza: kama si sheria, basi shamba la baba yake liko wazi? Hilda akajibu kwamba hana namna ya kumzuia. Yule mtu aliondoka hapohapo. Wengine wakamfuata, kwanza mmoja mmoja, kisha makundi. Mkutano haukufungwa rasmi. Uliisha kwa kukosa watu.

Jumapili, kabla ya misa, majembe yalikuwa yameshaingia chini ya migunga. Kufikia Jumatano zilihesabika bustani ishirini na saba. Waliokuwa na ng'ombe waliona hawana sababu ya kuzunguka hadi kwenye njia za kunyweshea, wakakata moja kwa moja katikati ya matete. Kijana mmoja alileta mashine ya pili ya kuazima. Watu walichimba mifereji, mfereji huu ukanyang'anya ule, na hata waliokuwa wakisalimiana miaka yote walianza kulinda maji kwa fimbo. Hilda aliyatazama hayo kutoka juu, akishuka, akipanda, akiita majina ya watu na kuitikiwa kwa heshima bila mtu kuinua jembe lake. Alipungua mwili. Mara kadhaa alijikuta akijutia ukweli wake kuliko alivyojutia uongo. Angenyamaza, alijiambia, ingekuwa mashine moja.

Siku ya tisa mashine ya Brighton ilivuta tope ikazimika. Siku ya kumi ng'ombe walipita kwenye vitunguu vyake wakitafuta maji. Alikuja ofisini, safari hii hakuvua kofia, akamtaka Hilda awaondoe watu waliochimba juu ya mpira wake na wenye mifugo. Hilda alimwuliza awaondoe kwa karatasi ipi. Hakumwuliza kwa kejeli. Alitaka kweli kujua, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametafuta usiku na mchana asiione. Brighton akavuta kiti, akaketi. Kisha akasema, kwa sauti ya fundi anayeeleza mtambo, kwamba ardhi ile haiwezi kubeba hata mashine moja mwaka mzima, kwamba aliliona jambo hilo wiki ya kwanza, na akajidanganya. Wiki ile alipakia mipira yake kwenye lori. Vitunguu vilivyobaki, zaidi ya nusu, vilikaukia mashambani. Baadaye ilisikika amekodi ardhi Hombolo, karibu na bwawa.

Kilichowarudisha watu mezani ni visima. Katikati ya Novemba kile cha kitongoji cha juu kilitoa maji mazito kama uji, na wiki moja baadaye hakikutoa kitu. Nathanaeli, ambaye hakuwa amezungumza na Hilda tangu mkutano ule isipokuwa kwa salamu, alimwambia aite mkutano mwingine, na safari hii wa kwanza kuandikwa kwenye orodha awe yeye mwenyewe, mwenyekiti.

Hilda alizunguka vitongoji vyote vinne akiwaomba watu waje. Wengine walimfungia mlango. Wengine walimkaribisha na kumlisha, kisha wakamwambia alichokifanya kwa miaka miwili kilikuwa unyanyasaji. Alisikiliza. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Loisi, lakini Loisi hakuwako. Alikuwa bustanini pake palepale pa zamani, chini ya migunga, akimwagilia kwa kibuyu mistari minne ya mchicha. Alikuwa miongoni mwa walioingia Jumapili ile ya kwanza. Alimwambia Hilda atakuja, na atakuja kusema, si kutia dole gumba.

Alisema kweli. Rasimu iliposomwa upya, ileile ya 2003, alisimama akaomba nafasi. Hakuwa mzungumzaji, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kigogo kila alipokazana. Alisema mstari ni mzuri, na hata yeye anataka mstari. Ila waliouchora walikuwa na mashamba kwingine. Kibuyu hakijawahi kukausha kinamasi, tangu enzi za bibi yake. Mashine imekikausha kwa miezi miwili. Sheria inayovipiga marufuku vyote viwili sawasawa haikutungwa na mtu aliyewahi kubeba kibuyu.

Hilda alikuwa ameshika kalamu. Alianza kuinuka, kama mtu anayetaka kutetea mtoto wake. Mstari ule ulikuwa safi. Ukishaanza kuutoboa, nani atajua tobo linaishia wapi? Alitaka kusema hivyo. Alifungua mdomo, akawaona watu wakimwangalia wakingoja, akaufunga, akaandika.

Walibishana hadi jua likaanza kushuka. Mwishowe walikubaliana: chini ya migunga, hakuna mashine, hakuna jembe la ng'ombe, hakuna mfereji. Kati ya migunga na matete, wale kumi na nne wa mwanzo, na warithi wao, waruhusiwe bustani ya hatua ishirini kwa ishirini, kwa kibuyu au ndoo tu. Ndani ya matete asiingie mtu ila kwenye miezi ya kukata. Njia za kunyweshea ziwe tatu badala ya mbili, kwa sababu mbili hazikutosha, na wafugaji walikuwa wamelisema hilo tangu mwanzo. Waliopoteza bustani mpya walinung'unika, na wawili walitoka. Watu mia mbili na kumi na tisa waliweka saini au dole gumba. Loisi aliweka dole lake mwisho, akaligandamiza sana hadi wino ukatapakaa.

Orodha Hilda hakumpa dereva yeyote. Aliipeleka mwenyewe, akakaa kwenye benchi la halmashauri mpaka Evodia alipoigonga tarehe ya kupokelewa mbele ya macho yake na kumpa nakala. Uchaguzi ulifanyika mwezi wa kumi na mbili. Mvua zilichelewa, zikaja kidogo, zikakatika, zikarudi katikati ya Januari. Baraza jipya lilipokaa mwezi wa pili, sheria ndogo za Nghomelo zilipita baada ya swali moja. Wiki iliyofuata ilikuja barua nyingine, hii ya Hilda peke yake: onyo la maandishi kwa kutekeleza sheria isiyoidhinishwa, na uhamisho kwenda kijiji cha milimani. Aliisoma akiwa ameketi, jambo ambalo lilimshangaza. Barua ilikuwa ya haki, na hakuandika rufaa.

Siku ya kuondoka lori lilipangwa kupita saa nne. Mizigo yake ilikuwa midogo: kitanda, masanduku mawili, baiskeli. Nathanaeli alikuja kumuaga, akamsaidia kufunga kamba. Alimwambia kwamba bado anaona angeambiwa mapema, na Hilda akasema anajua. Loisi alipita na karai kichwani, akasimama.

"Unaondoka, Mtendaji."

"Naondoka, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Alishusha karai, akachomoa fungu la mchicha, akalitia kwenye kapu la Hilda bila kumwangalia. "Huo usikae na jua," alisema, akaendelea na njia yake. Hakugeuka nyuma.

Kinamasi kilikuwa kimerudi, si chote. Maji yalifika nusu ya njia kuelekea migunga, na kwenye mashamba aliyoyaacha Brighton zilikuwa zimeota mbigili tupu.

Lori lilipochelewa, Hilda hakuweza kungoja mahali pamoja. Alikuwa akitembea huku na huku mbele ya ofisi walipotokea wafugaji wawili kutoka upande wa kaskazini, wamejitanda mashuka, na nyuma yao ng'ombe kiasi cha themanini, mbavu zinahesabika. Walimsalimu, wakauliza maji yako wapi na kama wanaruhusiwa.

Mtendaji mpya alikuwa bado hajafika. Hilda alianza kuwaelekeza kwa mkono: mshuke hivi, msifuate matete, kuna nguzo nyeupe kwenye kila njia ya kunyweshea, ya tatu ndiyo yenu. Waliitikia, lakini aliona hawakuelewa, na ng'ombe wa mbele walikuwa wameshanusa maji na wanageuka kushoto, kule ambako hapakuwa na njia. Akaacha kueleza. Alikunja sketi yake kidogo, akatangulia mbele ya kundi, akipiga makofi kuwarudisha ng'ombe kulia.

Alikuwa ameshafika kwenye nguzo ya kwanza aliposikia honi ya lori kule ofisini. Ilipigwa mara mbili. Aliinua mkono juu, kumwambia dereva angoje, akaendelea kushuka.